Sarufi anapata zote, insha imejaa makosa: nifanyeje?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Mazoezi ya sarufi anayopewa kufanyia nyumbani anayamaliza mwenyewe. Ngeli anazitaja bila kusita, umoja na wingi, kukanusha, vyote anapata. Akiambiwa aandike insha ya nusu ukurasa, makosa yaleyale aliyoyasahihisha kwenye zoezi jana anayafanya yeye. Mimi humsahihishia kila mstari, anafuta, anaandika upya, mwisho tunalala saa nne usiku naye ameshalia. Nimwongezee mazoezi ya sarufi? Au nimtafutie mwalimu wa ziada?

Jibu: Marahaba, mama. Usimwongezee mazoezi. La mwalimu wa ziada nitalirudia mwishoni.

Mwanao hana upungufu wa sarufi. Anayo, ila ameizoea ikiwa imekaa kwenye pengo lenye vidoti, na kwenye insha hakuna vidoti. Tazama zoezi la kawaida: "Viatu ....angu ni vipya (vy, z, y)." Jina limekaa mlango kwa mlango na pengo, na swali lenyewe limeshamwonyesha mahali pa kufikiri. Anachagua "vy", anapata vema, anaendelea na la pili. Sasa tazama sentensi ambayo mtoto wa umri wake huandika akiwa peke yake: "Viatu alivyoninunulia mama siku ile tulipokwenda mjini imechanika." Ameanza vizuri sana. Hata hiyo "alivyo" ameiweka sawasawa, na si sarufi nyepesi. Lakini kati ya viatu na kuchanika amepita mama, imepita siku, imepita safari nzima ya mjini. Akifika kwenye kitenzi cha mwisho, viatu vimebaki nyuma sana, naye anadaka kiambishi kilicho karibu na mkono. Mara nyingi kinachodakwa ni "i", kwa kuwa tunakitumia kwa mambo chungu nzima.

Kosa hilo ni la umbali, na mazoezi ya kujaza mapengo karibu yote hayana umbali. Ukimpa mia moja zaidi atapata mia moja, na insha ya Jumatatu itabaki ilivyo.

Kuna na mzigo. Kwenye zoezi kichwa kinafanya kazi moja. Kwenye insha mtoto anatafuta la kusema, anakumbuka alichokwisha kusema, anaunda herufi, anajiuliza kama "dhahabu" inaanza kwa dh au z, anajitahidi asitoke nje ya mstari, na anakuchungulia wewe uliyekaa pembeni na kalamu. Sisi watu wazima tunaandika herufi bila kuzifikiria. Mtoto wa miaka kumi bado ziko anazozifikiria. Mikono ikijaa, kitu kimoja lazima kidondoke, na upatanisho, yaani kitenzi kufuata ngeli ya jina lake, ndio hudondoka mapema kwa sababu ukikosekana maana haipotei: msomaji ataelewa tu kwamba vilivyochanika ni viatu.

Wala hili si la mwanao peke yake. Mwaka 1976 Warwick Elley na wenzake huko New Zealand walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa sekondari kwa miaka mitatu. Waliofundishwa sarufi hawakuandika vizuri kuliko ambao muda huo waliutumia kusoma na kuandika. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin, Marekani, walizikusanya pamoja tafiti za ufundishaji wa uandishi kwa wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili. Sarufi iliyofundishwa peke yake, mbali na maandishi ya mwanafunzi, haikuyainua maandishi. Matokeo yake yaliangukia hata upande wa hasara. Kilichoyainua, miongoni mwa mengine, ni kitu kidogo ambacho hakigharimu hata karatasi: kumpa mtoto sentensi fupi mbili tatu azifanye moja. Nitakieleza hapa chini, maana ndicho ningekiweka mahali pa nusu ya mazoezi yake.

Nikiri lakini kwamba tafiti hizo ni za watoto wanaoandika Kiingereza, lugha isiyo na ngeli. Kwetu jina likitajwa linavuta sentensi nzima nyuma yake: kivumishi, kitenzi, kiwakilishi, vyote vinavaa sare yake. Kwa hiyo siko pamoja na wanaosema sarufi itupwe. Ninasema akishaijua, kama mwanao anavyoijua, ihamishiwe kwenye sentensi zake mwenyewe.

Tuanze na saa, kwa kuwa saa nne usiku imenisumbua kuliko makosa. Harris Cooper, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kutafiti kazi za nyumbani, anaunga mkono kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa alilopo mtoto. Darasa la nne ni dakika 40, na hizo ni za masomo yote kwa jumla. Tena katika mapitio aliyoyatoa na wenzake mwaka 2006, uhusiano wa kazi za nyumbani na ufaulu ulionekana wazi zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko kwa hawa wadogo. Basi hata ukimwachia nafasi kidogo, saa moja ikipita, funga daftari. Mwandikie mwalimu wake mistari miwili: amefanya kwa saa moja, amefika hapa. Mwalimu mwenye busara atashukuru, kwa sababu sasa anajua kazi aliyotoa ilikuwa ndefu. Mimi nimewahi kupewa ujumbe wa namna hiyo na nikagundua kwamba kazi niliyoidhani ya dakika kumi na tano ilikuwa inakula jioni nzima ya watoto thelathini.

Kabla hajashika kalamu, akusimulie. Ukiwa unapika, unakunja nguo, haidhuru. Muulize maswali mawili ya kweli, yale ambayo ungemuuliza mtu yeyote anayekupa habari: "Alikuwa wapi huyo mbwa?" "Wewe ulifanya nini sasa?" Akishasimulia, kazi ya kutafuta la kusema imepungua kwenye ule mzigo, na mkono mmoja umepata nafasi. Kisha aandike bila wewe kukaa pale. Neno asilojua kuliandika alipigie mstari chini na aendelee. Ufutio uweke mbali kabisa. Akikosea akate kwa mstari mmoja aandike mbele. Daftari lenye neno lililokatwa linanionyesha mtoto alivyofikiri. Lililofutwa mpaka likatoboka halinionyeshi kitu.

Akimaliza, msomee wewe kwa sauti, na usome kilichoandikwa, si alichokusudia. Yeye akisoma mwenyewe papo hapo atasoma kilichomo kichwani: karatasi inasema "imechanika", mdomo wake utasema "vimechanika", wala hatashtuka. Soma bila kupumua mpaka ukutane na nukta. Kama hakuna nukta kwa mistari sita, mfike wote mwisho ukiwa unahema. Watoto hucheka sana, na baada ya hapo huhitaji kuwafundisha nukta ni ya nini.

Sasa kusahihisha, na hapa ndipo utakapoona ugumu. Chagua kosa la aina moja kwa wiki. Moja tu. Mengine yapite mbele ya macho yako kama hujayaona. Najua inavyokera. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikuwa nasahihisha kila kitu. Madaftari yalirudi kwa wenyewe kama yamechinjiwa kuku. Baada ya wiki chache kijana mmoja, aliyekuwa akiandika ukurasa mzima, akaniletea insha ya mistari minne. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nikiandika fupi nyekundu zinakuwa chache." Alikuwa amefanya hesabu sahihi kabisa. Mwanao, akiendelea hivi, ataifanya hiyohiyo.

Kosa gani lianze? Si ngeli. Anza na lile linalompoteza msomaji. Soma hii: "Juma alimwambia Ali kuwa amempiga kwa sababu alimwibia." Nani kampiga nani? Nani mwizi? Kiambishi chetu "a" kinabeba mwanamume, mwanamke, kuku na mwizi bila kuwabagua, na watoto wanakitegemea mno kwa sababu wao wanamjua anayesemwa. Hakuna zoezi la ngeli litakaloikamata sentensi hiyo, kwa kuwa upatanisho wake hauna dosari. Dawa ni wewe kujifanya hujui: "Hapa nani kampiga nani?" Atajibu kwa mdomo. Mwambie, "Basi niandikie hivyo," naye atalirudisha jina mahali pake.

Ndipo uje kwenye upatanisho. Mwambie aweke kidole kwenye kila kitenzi, aulize "nani?" au "nini?", kisha achore upinde kwa penseli kurudi nyuma mpaka kwenye jina lenyewe. Kutoka "imechanika" upinde utaruka mjini, utaruka siku, utamruka mama, utatua kwenye viatu. Akitua tu ataona mwenyewe, kwa sababu "viatu imechanika" sikio lake halikubali. Umbali uliozaa kosa ameufuta kwa penseli. Fanyeni kwa vitenzi vitatu au vinne, si insha nzima. Na asikae nawe kukariri orodha ya ngeli wakati huo, orodha anaijua.

Utakutana pia na kosa linalotokana na kujua kwingi. Mtoto hodari wa KI-VI ataandika "kifaru kile kimekimbia porini." Usimcheke. Amefuata kanuni aliyopewa kuliko wenzake. Mkumbushe kwamba kiumbe hai, hata jina lake likianza kwa "ki", hupewa "yule" na "a": kifaru yule amekimbia, kiboko yule amezama, kipofu yule amevuka. Kama anapenda habari za vita mwongezee kwamba kifaru cha jeshi, kile cha chuma, hurudi kwenye ngeli yake: kifaru kile kimekwama. Watoto wanazipenda sana sentensi hizo mbili wakiziweka pamoja, sijui kwa nini.

Lingine ni "mtoto ambaye anayecheza". Hapo amevaa kofia mbili kichwa kimoja. "Ambaye anacheza" inatosha, au "anayecheza" inatosha. Hili hata watu wazima wenye vipaza sauti mbele yao huteleza, kwa hiyo amelisikia mara nyingi, mpe muda.

Maneno anayoyakatakata, "ni li po fika", "ana ye kuja", muulize kama "po" au "ye" aliwahi kumsikia mtu akiitamka peke yake akaeleweka. Isiyoweza kusimama yenyewe iungwe. Upande wa pili kuna "kwasababu" na "kwahiyo", ambayo huandikwa mbalimbali: kwa sababu, kwa hiyo. Haya machache ayakariri tu, hakuna hila. Za r na l mpe jozi zinazochekesha: nani anaandika kwa karamu, na nani anaalikwa kwenye kalamu? Nani anatafuta mahali, na nani analipa mahari? Dakika mbili, basi.

Nije kwenye kile kilichonifanya niandike jibu refu hivi. Soma aya hii:

"Niliamka. Halafu nilipiga mswaki. Halafu nilikunywa chai. Halafu nilienda shule. Halafu nilimwona mbwa."

Tafuta kosa la sarufi. Halipo. Kwenye mtihani wa kuchagua jibu sahihi aya hii ingepata zote, na bado haiandikiki vibaya kuliko hapo. Mzazi akiona "halafu" nne huzikata, mtoto anaweka "kisha" nne. Haikuwa shida ya neno. Kiswahili kina kifaa chake cha kusogeza hadithi mbele, nacho kimo ndani ya kitenzi: "Niliamka, nikapiga mswaki, nikanywa chai, nikaenda shule." Kitenzi cha kwanza kinashika "li" ili tujue jambo lilishapita, vinavyofuata vinapanda juu ya "ka". Mwonyeshe hapohapo kwamba ni "nikanywa", si "nikakunywa", na "nikala", si "nikakula"; hiyo "ku" ya vitenzi vifupi huachwa nyuma "ka" ikiingia. Ni sarufi aliyokwisha kuisoma darasani kama jedwali. Leo ameipatia kazi.

Halafu (nami nalitumia, halijapigwa marufuku) mpe "po" na "ki". "Nilipofika kwenye kona nikamwona mbwa akichimba." Sasa kuna mahali, kuna wakati, na kuna jambo lililokuwa likiendelea kabla yeye hajafika. Mbwa anaonekana.

Mchezo wenyewe ni huu. Chukua sentensi tatu kavu, tena zitoke kwenye insha yake, sio kitabuni: "Mbwa alimwona mgeni. Mbwa alibweka. Mgeni alikimbia." Mwambie azifanye moja, kwa njia zaidi ya moja. Atakuja na "Mbwa alipomwona mgeni alibweka, mgeni akakimbia." Msukume. "Mbwa alimbwekea mgeni mpaka akakimbia." Msukume tena, na akikwama mpe wewe ya tatu: "Mgeni aliyebwekewa na mbwa alikimbia." Muulize kila moja ni hadithi ya nani. Ya tatu si ya mbwa tena. Tumesimama upande wa mgeni, na kilichotuhamisha ni "ewa" mwishoni mwa kitenzi. Mtoto akiliona hilo, kauli za vitenzi ambazo alikuwa akizichora kwenye jedwali, kutendea, kutendwa, kutendewa, zinageuka kuwa mahali pa kusimama na kutazamia. Hapo hakuna haja ya kumuuliza kama amezielewa.

Sentensi mbili kwa jioni zinatosha. Tahadhari moja: akishaipenda "ka" ataimwaga kila mahali, utaletewa ukurasa wa "nika, nika, nika" usiopumua. Ni hatua, itapita. Siku hiyo mwombe tu aweke nukta moja katikati na aanze upya kwa "nilipo".

Kwa kuwa tumelitaja lile la kuamka: kati ya insha arobaini ninazosahihisha, kumi na zaidi huanza kwa kuamka alfajiri na mapema na kupiga mswaki, hata insha yenyewe ikiwa ni ya ajali iliyotokea jioni. Wanadhani insha lazima ianzie kitandani. Mwambie aanzie pale jambo linapotokea, mswaki tutauamini kwamba ulipigwa. Methali nazo asizipachike kama vifungo vya mapambo. Moja iliyokaa mahali pake inatosha, na isipokuwepo hakuna aliyeibiwa.

Na usimwandikie, mama, hata sentensi moja, hata siku amechoka. Tunajua. Mtoto wa miaka kumi haandiki "kwa kuzingatia hayo yaliyotangulia."

Baada ya miezi miwili au mitatu ya mtindo huu, kama bado anaruka maneno ambayo kwa mdomo anayatamka vizuri, anageuzageuza herufi ndani ya maneno anayoyaona kila siku, au kusoma kwa sauti kunamtesa, hapo tumetoka kwenye habari ya sarufi. Zungumza na mwalimu wake, apimwe macho na masikio, na muulizie kuhusu disleksia, ile hali inayomfanya mtoto ataabike kusoma na kuandika ingawa akili anayo. Watoto wengi werevu huitwa wazembe kwa miaka kabla mtu hajafikiria hilo. Kwa ulivyonieleza, sioni dalili yake kwa mwanao.

Sasa mwalimu wa ziada. Ukitaka bado kumtafuta, kabla hamjakubaliana malipo muulize kwanza ataanzia wapi. Akikwambia atakuja na kitabu cha mazoezi, mshukuru na umwache aende. Akikuomba umwonyeshe insha tatu za mwisho za mtoto, mkaribishe ndani.